Kitanda cha Bi Verna

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa mbili na nusu asubuhi. Theluji nyevu ilikuwa ikianguka na kuyeyuka kabla haijatulia, na barabara ya udongo ya kilima cha Stebbins ilikuwa imegeuka uji. Odile Larocque aliliacha gari lake chini, kwenye kokoto karibu na masanduku ya barua, akavaa buti za mpira, akapanda kilima kwa miguu. Katika mkoba wake wa kazi mlikuwa na futi ya kupimia, donge la uzi mweupe, tochi na kamera.

Alikuwa mpelelezi katika idara ya jimbo la Vermont, Marekani, inayosimamia uuzaji wa hisa. Katika kazi hiyo aliwahi kuwafuata watu waliouza migodi isiyokuwapo na hoteli zilizojengwa kwenye karatasi tu. Leo alikuja kutazama kitanda.

Shauri lenyewe lilieleweka kwa urahisi. Warren Amidon, mfugaji wa ng'ombe, alikuwa amefungua kiwanda cha jibini bondeni na kuwauzia hisa majirani zake. Kampuni ndogo kama yake iliruhusiwa kuuza hisa bila kupitia usajili mrefu wa serikali kuu, ila kwa sharti moja: kila mnunuzi awe mkazi wa Vermont. Akipatikana mmoja tu wa jimbo jingine, ruhusa hiyo ingeanguka kwa wote, na kila mwenye hisa angeweza kudai arudishiwe fedha zake. Fedha hizo zilikwisha kugeuka mapipa ya chuma na kuta za matofali. Kiwanda kingefungwa, na wafugaji wa bonde zima wangekosa pa kupeleka maziwa.

Mnunuzi aliyelalamikiwa alikuwa Verna Stebbins, mjane wa miaka themanini na minne. Nyumba yake ilijengwa wakati ambapo hakuna aliyejali mpaka wa Vermont na jimbo jirani la Massachusetts ulipita wapi, na mpaka ulipita ndani yake. Chumba cha mbele kilikuwa Vermont. Jiko lilikuwa Massachusetts. Bi Verna alilipa kodi ya nyumba kwa miji miwili, alikwisha kuacha kuendesha gari, na hakuwa amepiga kura popote tangu mumewe alipofariki. Kwa nyumba za namna hiyo, maofisa wa pande zote mbili walifuata desturi moja: mtu ni mkazi wa upande anakolala.

Tatizo ni kwamba watu wa kilima kile walihamisha vitanda. Baridi ilipoingia walifunga vyumba vya mbele ili kuokoa kuni, wakalala jikoni kando ya stovu mpaka barafu ya ardhini ilipoyeyuka. Na Bi Verna alinunua hisa zake mwezi Desemba.

Odile aliwakuta watu watatu jikoni. Bi Verna alikuwa amesimama mbele ya stovu, mwembamba, amevaa sweta mbili na aproni. Warren Amidon, mwanamume mnene wa makamo, alikaa mezani na kofia mapajani kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Wa tatu alikuwa Preston Coyle, wakili kutoka Boston, ambaye viatu vyake vizuri vilikuwa vimezama matopeni hadi kwenye kamba. Coyle aliwakilisha wawekezaji waliotaka kukinunua kiwanda na wakakataliwa. Yeye ndiye aliyeandika malalamiko.

"Umechelewa, binti," Bi Verna alisema. "Pai imepoa."

Ilikuwa pai ya tufaha, na kando ya kila kipande palikuwa na jibini la Warren. Odile alieleza kwamba kanuni za ofisi zilimruhusu kunywa kahawa, lakini hazikumruhusu kula kwa mtu anayehusika na shauri.

"Sheria gani hiyo inayoogopa tufaha? Haya, wakili, kula wewe."

Coyle alijibu kwamba yeye hali asubuhi.

"Basi mnafanana, wewe na sheria," mama mzee alisema, akamsukumia Warren sahani zote mbili. Warren hakugusa hata moja.

Odile alianza na mpaka, kwa sababu hakupenda kubishana juu ya kitanda kabla ya kujua ardhi iliyo chini yake ni ya nani. Bustanini, mashariki ya nyumba, palikuwa na nguzo ya mawe yenye herufi za majimbo mawili. Magharibi, ng'ambo ya ukuta wa mawe, palikuwa na nyingine. Alimwomba Coyle ashike ncha ya uzi kwenye nguzo ya kwanza. Wakili alisema hiyo si kazi yake. Odile alikubaliana naye, akamwambia kwamba asiposhika, hataweza baadaye kulalamika kuwa uzi ulipinda. Coyle alishika. Uzi ulivutwa, ukaingia kwa dirisha moja na kutokea kwa jingine, na ndani ya nyumba ulipita juu ya kizingiti cha mlango kati ya jiko na chumba cha mbele, kama watu wote walivyosema siku zote.

Kwa hiyo lilibaki swali moja. Bi Verna alilala upande gani wa kizingiti kile siku aliyotia saini?

Waliporudi ndani, Coyle alitoa picha kwenye mkoba wake wa ngozi na kuiweka mezani taratibu, kama mcheza karata mwenye turufu. Picha ilionyesha jiko lilelile. Kitanda cha chuma chenye mto mmoja na mfarishi wa nyota za rangi kilikuwa karibu na stovu, na dirisha lilionekana nyuma yake. Alieleza kwamba aliipata kwa mpwa wa Bi Verna anayeishi Springfield.

"Huyo mpwa," Bi Verna alisema, "hajawahi kunitembelea bila kupiga picha, na hajawahi kupiga picha bila kuuliza nyumba ina thamani gani."

Odile aliichukua picha, akatafuta mahali mpigaji alipokuwa amesimama, akasimama papo hapo. Aliinua macho kutoka kwenye picha hadi dirishani, akayarudisha, akayainua tena. Katika picha, kona ya banda jekundu ilijaza nusu ya kioo. Sasa kiooni palionekana mlima, mawingu, na theluji iliyochakaa.

Aliuliza banda liko wapi. Bi Verna alimwambia kwamba liliangushwa na theluji, si majira haya ya baridi, yale yaliyotangulia.

"Picha hii haisemi chochote juu ya Desemba iliyopita," Odile alimwambia Coyle.

"Inasema juu ya desturi. Mama huyu hulala jikoni kila mwaka."

"Hisa hazinunuliwi kila mwaka."

Coyle alifungua kinywa kujibu. Warren Amidon alimtangulia, ingawa hakuna aliyemuuliza lolote.

"Kitanda kilikuwa hapa," alisema, akiitazama kofia yake. "Nilikihamisha mwenyewe mwezi Novemba, kama kila mwaka. Nilikirudisha wiki iliyopita."

Coyle alitoa kalamu na kuandika maneno hayo, neno kwa neno, akamwomba Warren ayarudie. Warren aliyarudia. Odile alimgeukia Bi Verna na kumuuliza alikuwa akilala wapi Desemba. Mama mzee alikitazama kikombe chake.

"Warren amekwisha kusema," alijibu.

Odile aliona kwamba hilo halikuwa jibu. Wakili yeye aliona kwamba linatosha. Alifunga mkoba, akamkumbusha Odile kuwa ripoti yake inatakiwa Ijumaa, akamshukuru Warren kwa uungwana wake, akaondoka akiruka kutoka jiwe hadi jiwe kama kuku aliyenyeshewa. Gari lake, tofauti na la Odile, alikuwa amelipandisha hadi katikati ya kilima.

Odile alibaki amesimama na picha mkononi. Kazi yake ilikuwa imemfundisha namna nyingi za watu kusema uongo ili wajiokoe. Hakuwahi kumwona mtu akikimbilia kutoa ushahidi unaomzamisha. Labda Warren alikuwa msema kweli kuliko wote aliowahi kukutana nao. Labda pia alikuwa amekwisha kununuliwa. Mtu anayetaka kuuza kiwanda bila majirani kumlaumu angeweza kukiacha kianguke, kisha akapokea ahsante yake Boston.

Alimuuliza wazi wazi kama wateja wa Coyle walikuwa wamemwahidi kitu. Warren aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Alisema kwamba ng'ombe wake, nyumba yake na shamba aliloachiwa na baba yake vimewekwa rehani kwa ajili ya kiwanda kile, na kwamba swali hilo lingetoka kwa mwanamume angemtoa nje.

Odile alimwamini. Hasira ilikuwa imekuja upesi mno kuwa ya kupangwa. Sasa udadisi wake ukazidi.

Aliomba ruhusa ya kuona chumba cha mbele. Bi Verna alifungua mlango, na baridi ikatoka kuwalaki. Ndani, pumzi ya Odile ilionekana mbele ya uso wake. Kitanda cha chuma kilikuwa ukutani, na mfarishi wa nyota juu yake. Dirisha lilikuwa limepigiliwa blanketi la sufu. Alivua glavu na kugusa karatasi ya ukutani karibu na mto. Palikuwa na doa pana la kahawia, lenye kingo kama za ramani, kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyelala ubavu. Odile alikulia shambani, kaskazini ya jimbo, na alilijua doa hilo. Pumzi ya mtu anayelala hugonga ukuta wa baridi, ikaganda, ikayeyuka asubuhi, ikaganda tena usiku. Doa kubwa kiasi hicho halitengenezwi kwa wiki moja.

Alijua jambo jingine pia. Hakuna mtu wa milima ile anayerudisha kitanda chumba cha mbele wiki ya kwanza ya Machi, wakati theluji bado imelala kivulini.

Alirudi jikoni kutazama stovu. Juu yake, kando ya birika, palikuwa na jiwe bapa la sabuni, lile linalotunza joto, lenye kishikio cha waya, limefungwa kitambaa cha pamba kilichoungua kwenye kona. Aligusa kitambaa. Jiwe lilikuwa bado vuguvugu.

"La nini hili, Bi Verna?"

"La kitandani. Unalitia miguuni."

"Mtu anayelala kando ya stovu hulihitaji?"

"Wazee tuna miguu ya baridi," Bi Verna alijibu. Lakini alisema hivyo kama mtu anayetupa kuni mbichi motoni, bila kutarajia ziwake.

Odile aliiweka picha mezani tena. Alipoitazama mara ya kwanza alitafuta kitanda na dirisha. Sasa alitafuta kisichokuwapo. Jiko lile lilikuwa dogo. Kati ya stovu na ukuta palikuwa na nafasi ya kitu kimoja kikubwa, si viwili. Pale kitanda kilipokuwa katika picha, ndipo sasa palipokuwa na meza waliyokuwa wakinywea kahawa. Katika picha meza haikuonekana.

Alipiga magoti na kumulika chini ya meza kwa tochi. Kwenye linoliamu iliyotandikwa sakafuni palikuwa na mashimo manne madogo, alama za miguu ya kitanda kizito kilichosimama pale majira mengi ya baridi. Aliuliza ni lini sakafu ilipakwa nta. Bi Verna alisema kila Oktoba, kabla kitanda hakijaingia, na hajaipaka tena tangu hapo kwa sababu ya magoti. Odile aliingiza ncha ya kidole katika shimo la kwanza, kisha la pili, kisha mengine. Nta ilikuwa imelala ndani laini na nzima, kama utando juu ya maziwa. Hakuna mguu wa chuma uliokuwa umeikanyaga.

Aliinuka, akafuta magoti, akakaa mkabala na Warren.

"Siku ulipoleta hati za hisa, Bi Verna alitia saini wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye meza hii." Warren aliipiga kidogo kwa kiganja. Kisha kiganja kikabaki pale pale, na uso wake ukabadilika pole pole, kama mtu anayesikia ufa kwenye barafu anayotembelea.

"Meza ilikuwa hapa tulipo?"

Warren aliondoa kiganja mezani.

"Kitanda kikiingia jikoni, meza huenda wapi, Bwana Amidon?"

"Stoo," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yangu ndiye aliyekuwa akiibeba. Mimi nilibeba kitanda."

"Mwache, binti," Bi Verna alisema kutoka kwenye stovu.

Odile alisema angependa kumwacha, lakini hawezi. Alimweleza Warren sheria kwa maneno machache. Ofisi ingeuliza mambo mawili: mnunuzi alikuwa mkazi wa wapi siku ya mauzo, na muuzaji alijua nini. La kwanza lingeweza kuonyeshwa na doa, jiwe na nta. La pili lilikuwa kichwani mwa Warren peke yake. Kama aliketi kwenye meza hii Desemba na akaona hakuna kitanda, basi alijua kwamba Bi Verna analala Vermont, na mauzo yalikuwa halali. Maelezo aliyomwandikisha Coyle yalisema kinyume. Yangefunga kiwanda, na tena yalikuwa ya uongo.

"Kwa nini uliyasema?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Warren alisema kwamba Novemba ndipo tanuri la mvuke lilipowasili, likaja limepasuka, na akawa analala kiwandani. Kila siku alisema atapanda kilima kesho. Kisha alisahau kabisa. Alikumbuka Jumapili hii tu, kanisani, alipomsikia Bi Verna akikohoa.

"Lakini ulipanda kilima," Bi Verna alisema. "Desemba ulipanda. Ulikuja na kalamu, Warren. Hukuja na mikono."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Jirani akiombwa anakuwa kibarua. Nilijua utaona mwenyewe. Ulikaa pale pale, ukala pai, ukatazama saini yangu kama imenyooka." Alilipindua jiwe lake juu ya stovu. "Usiku ule maji yaliganda kwenye glasi."

Theluji iliendelea kugonga kioo. Odile alifungua daftari, lakini hakuandika. Alimwambia Warren kwamba maelezo mapya, akiyatoa, yatasomwa kwenye ukumbi wa mji mbele ya wenye hisa wote, kama sheria inavyotaka.

"Wote?"

"Wote."

"Baba alikihamisha kitanda hiki mpaka mwaka aliokufa," Warren alisema. "Unataka nisimame mbele ya watu wale niseme nilimwacha mama wa miaka themanini na minne alale kwenye barafu, na nikamuuzia hisa? Heri wachukue kiwanda."

"Hawatachukua chako peke yako. Kesho asubuhi watu wa bonde hili watakamua. Amua wewe kama maziwa yao yamwagwe ili usione aibu."

Ilikuwa sentensi kali zaidi aliyoitamka siku ile, na mara alijuta kidogo kwa kuisema. Warren aliizungusha kofia yake mkononi, duara moja, kisha jingine.

Bi Verna ndiye aliyevuka jiko. Alitoa kalamu kwenye aproni, akaiweka mbele ya Warren, juu ya picha ya wakili.

"Andika, Warren," alisema. "Baridi nimekwisha kuipata. Isipotee bure."

Warren Amidon aliandika. Hakueleza tanuri la mvuke wala usingizi wa kiwandani. Aliandika kwamba hakuhamisha kitanda, kwamba siku ya mauzo aliketi mahali ambapo kingekuwa, na kwamba alichomwambia wakili hakikuwa kweli. Alitia saini, akamsogezea Odile karatasi. Odile aliisoma mara mbili na kuweka tarehe.

"Nina swali la sheria," Bi Verna alisema. "Nikilala jikoni leo, nitamharibia?"

"Mauzo yamekwisha, Bi Verna. Lala unakotaka."

Yaliyofuata yalikuwa haya. Odile Larocque alikunja uzi wake, akapiga picha doa, jiwe na mashimo manne, akashuka kilima, na Ijumaa akaikabidhi ripoti iliyopendekeza malalamiko yafutwe. Preston Coyle alilikuta gari lake limezama matopeni hadi tumboni, akakaa ndani yake mpaka Warren Amidon aliposhuka na trekta kumvuta. Alitaka kulipa, Warren akakataa. Habari za maelezo mapya alizipata baadaye, kwa posta. Warren alipanda tena kilimani, akavua buti mlangoni, akabeba meza hadi stoo, akakivusha kitanda juu ya kizingiti peke yake. Wiki iliyofuata alisimama kwenye ukumbi wa mji na kusoma karatasi yake hadi mwisho. Bi Verna Stebbins alikula pai iliyobaki, akalitoa jiwe kwenye stovu na kulitumia kuzuia mlango, na usiku wa Jumanne ile ile alilala Massachusetts.